Mtakatifu wa Shimo la Ndizi

Siku tuliyomzika Tantine, nilicheka. Sikukusudia. Nilikuwa nimesimama kando ya kaburi na wenzangu, leso mkononi, macho yamevimba kwa kulia tangu asubuhi, mara upepo ukatoka upande wa migomba ya jirani ukaleta harufu ya ndizi zinazoivishwa shimoni. Ninyi mliolelewa mashambani huku kwetu mnaijua harufu hiyo: tamu, nzito, yenye moshi kidogo na majani makavu yaliyopata joto. Ilinifikia puani wakati ule ule mtu alipokuwa anachomeka msalaba wa vijiti kwenye udongo mbichi, na kicheko kikanitoka kabla sijakishika. Watu waligeuka. Katekista alinikazia macho. Mwanamke mmoja tuliyesoma naye akamnong'oneza mwenzake kwamba majonzi yamenipanda kichwani. Mtu mmoja tu pale alinielewa, naye alikuwa ameinamisha kichwa huku mabega yakimtetemeka, na haikuwa kwa kilio. Alikuwa Nsimire, mke wa kaka yangu. Ili mjue kwa nini wanawake wawili wazima walicheka kwenye maziko ya mtu waliyempenda sana, lazima niwarudishe kilimani kwetu, wakati wa vita.

Kilima chetu kiko juu ya barabara ya Kavumu, kabla hujafika Miti. Ukisimama nyuma ya nyumba asubuhi, ukungu ukishaondoka, unaona ziwa kwa mbali, kipande kidogo tu kama sahani iliyosahauliwa uani. Sisi hatukuwa watu wa ziwa. Tulikuwa watu wa migomba, maharage na mihogo; samaki tuliowajua ni sambaza wakavu, ambao Maman aliwaleta kutoka sokoni Miti siku maharage yake yakinunuliwa vizuri. Papa alilima kimya kimya. Hakuwa mtu wa maneno, na sababu ilikuwa wazi: dada yake mkubwa, Tantine, aliyekuwa mjane na aliyekaa nasi, aliyatumia maneno yote ya nyumba nzima. Tantine aliongea na mbuzi, aliongea na sufuria, na mvua ikichelewa aliitukana, halafu akamwomba Bikira Maria msamaha. Kaka yangu Bahati, ambaye nilimwita Yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu huku, alikuwa kijana wa mabega mapana na usingizi mwingi. Alilala popote: shambani akiegemea jembe, kanisani wakati wa mahubiri, siku moja hata akiwa amesimama chini ya paa akingoja mvua ipite. Hilo la kanisani mlishike, litakuwa na kazi mbele. Mimi nilikuwa kitinda mimba, na ingawa nilibatizwa jina zuri kabisa, wote waliniita Petite.

Vita ilikuwepo. Sisi tuliokuwa watoto wakati ule hatukuijua kama wakubwa walivyoijua. Wao walijua nani anapigana na nani, na majina ya makundi yalibadilika kila walipoyazoea. Mimi nilijua kwamba kuna siku za shule na siku za kukimbia, na kwamba siku za kukimbia hakuna anayekuuliza kama umefanya devoirs, zile kazi za shule za nyumbani. Leo najua kwamba Maman alilala na viatu miguuni miezi mizima ili awe tayari. Wakati ule nilidhani ni kwa sababu ya baridi.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kazi ya shimo. Kwetu ndizi za kasiksi, ile pombe yetu, haziachwi ziive zenyewe mgombani. Papa alichimba shimo katikati ya migomba, akachoma humo majani makavu mpaka kuta zikapata joto, akatandika majani mengine, kisha akapanga mikungu ya kijani, migumu kama kuni. Alifunika majani ya migomba, na juu ya majani, udongo. Ubavuni aliacha tundu dogo la kupulizia moshi. Siku zilipotimia shimo lilifunguliwa, na ndizi zilizoingia kijani zilitoka njano, laini, zinanukia mpaka nyuki wakaja kuuliza habari. Mimi nilikuwa nalala kifudifudi juu ya udongo ule, sikio chini, nikisikiliza ndizi zinavyoiva. Hakuna aliyenieleza mambo ya joto na moshi. Nilielewa kwamba udongo wenyewe ndio unaoivisha, na kwamba kitu chochote ukikifukia vizuri, ukangoja, kitatoka kikiwa bora kuliko kilivyoingia.

Wala sikuwa mjinga. Nilikuwa na ushahidi. Kabla ya hapo tulikuwa tumemzika babu, na katekista alisimama juu ya kaburi akasema kwamba mzee huyu amelazwa udongoni akingojea siku ya kutoka akiwa mpya, bila ugonjwa, bila uzee. Nilitazama shimo, nikatazama udongo, nikaelewa mara moja. Tuliporudi nyumbani nilimwuliza Maman:

"Tutamufukua lini?"

Maman alidhani naongea mambo ya dini.

"Siku Mungu atapenda, Petite."

Niliona ni jibu la kawaida. Hata Papa alijibu hivyo hivyo ukimwuliza shimo la ndizi litafunguliwa lini.

Sasa, shimo ninalotaka kuwaeleza lilikuwa shimo la Nsimire. Yaya Bahati alimwona sokoni Miti akiuza viazi vitamu, na tangu siku hiyo akaacha kulala mchana, nasi tukajua jambo limekuwa zito. Nsimire alikaa kilima cha ng'ambo, upande wa pili wa bonde. Baba yake, ambaye wote walimwita Papa Nsimire kwa jina la huyo binti yake wa kwanza, alikuwa mtu mrefu, mwenye masharubu na heshima zake. Kwetu mahari ni ng'ombe, lakini nyakati zile aliyepeleka ng'ombe barabarani alikuwa anawapelekea askari chakula. Papa Nsimire alilielewa hilo. Alikuja mwenyewe kuongea na Papa, nami nilikuwa nachambua maharage karibu nao.

"Ngombe inaweza kungoya vita iishe," alisema. "Kasiksi, hapana. Mulete kasiksi, tukae, tuseme neno mbele ya bantu. Lakini musikawiye. Iko kijana mumoja alitoka Shabunda kwenye zahabu, tonton yake anapita-pita hapa kwangu. Dimanche iyi ikipita bure, nitamufungulia mulango."

Dimanche kwetu ni Jumapili, na neno la ndoa likisemwa bila kasiksi ni porojo tu. Na kijana wa Shabunda, yule mwenye tonton, yaani mjomba, tulimjua: alikuwa na saa inayong'aa, na redio-kaseti kubwa aliyoibeba begani hata akienda kuoga mtoni. Yaya Bahati alikuwa na jembe. Papa alichimba shimo siku ile ile, akapanga mikungu yake mizuri kuliko yote, na jioni akalifunika.

Asubuhi yake risasi zikalia upande wa Miti.

Maman alikuwa tayari na viatu, kama kawaida. Kila mtu alijua la kubeba, isipokuwa vile vitu visivyobebeka. Muda wa kuchimba shimo jingine haukuwepo. Papa akalitazama shimo la ndizi lenye udongo mbichi, akafukua upande mmoja, akaingiza humo sufuria mbili kubwa, redio yake aliyoifunga kwenye plastiki, na kikwembe kipya cha kitenge kilichonunuliwa kwa ajili ya kumpa mama yake Nsimire. Mimi nilifurahi. Redio yetu ilikuwa na mikwaruzo mingi, na nilijua sasa itaiva.

"Bataona udongo mupya," Maman alisema. "Batafukua."

Hapo ndipo Tantine alipofanya jambo lake. Alivunja vijiti viwili uani, akavifunga msalaba kwa kamba ya mgomba, akauchomeka juu ya shimo. Akaupanga udongo kwa mikono mpaka ukawa na umbo la kaburi, akachuma maua ya njano yaliyoota kando ya njia, akayaweka juu.

"Sasa bafukue, kama beko na roho ya kufukua maiti," alisema. Kisha akainua macho mbinguni. "Yesu wangu, unisamehe. Ni ndizi tu."

Sisi tukashuka kwa njia ya barabara. Yaya akapita na mbuzi vichakani, kwa kuwa mbuzi aliyeonekana barabarani siku kama ile alikuwa amekwisha kuliwa. Tulitembea mchana kutwa mpaka Bukavu, kwa Tonton, kaka yake Maman, aliyefanya kazi ofisini na kukaa mtaa wa Kadutu katika nyumba ndogo ambayo vita ilipoanza ilijaa ndugu mpaka jikoni. Nakumbuka hizo siku za mjini kama sikukuu. Tantine aliugombeza mfereji wa maji kwa sababu ulitoa maji bila kusalimu. Yaya alipofika na mbuzi wake wakiwa wazima, walilazwa sebuleni, na mmoja akala nusu ya kravati, yaani tai, ya Tonton, ambaye alikwenda kazini na nusu iliyobaki akiwa ameificha ndani ya koti. Watu wazima walicheka sana siku zile. Yaya peke yake hakucheka. Kila jioni alikaa mlangoni akihesabu vidole.

"Ndizi zinaiva bila sisi," aliniambia.

"Si ndiyo vizuri?" nilimjibu. Sikuona tatizo lilikuwa wapi.

Njia ilipotulia tulipanda kilima chetu tena, Yaya akija nyuma yetu na mbuzi wake kwa njia ya vichakani. Ilikuwa vendredi, yaani Ijumaa. Nyumba haikuwa na mlango tena. Maharage yalikuwa yamekwenda, na kwenye banda la kuku kulikuwa na manyoya. Maman alisimama katikati ya uwanja, akauma mdomo wa chini, nami niliogopa kuliko nilivyoogopa risasi. Kisha tukasikia sauti. Watu walikuwa wanaimba Salamu Maria ndani ya migomba yetu.

Tulikwenda kuangalia. Majirani walikuwa wamepiga magoti kuzunguka shimo la ndizi. Mshumaa uliwaka ndani ya mkebe wa tomate. Mbele ya wote alikuwa Maman Faida, jirani yetu wa karibu, rozari mkononi, na kando yake katekista amevaa koti lake la kanisani. Maman Faida alipotuona aliinuka, akamkumbatia Maman kwa nguvu.

"Pole, maman. Pole. Lakini usilie sana. Mutoto wako ni mutakatifu!"

Maman alimtazama bila kuelewa, na Maman Faida akaeleza yote kwa pumzi moja. Siku ile ya risasi alijificha korongoni. Alituona tukipita: Papa, Maman, Tantine na mimi. Bahati hakuwamo kati yetu. Aliporudi akakuta msalaba na udongo mpya, akajua. Akatuma habari kila upande, majirani wakaja kumlilia. Halafu harufu ikaanza.

"Maiti ya muntu tunaijua ginsi inanuka!" alisema. "Hii yake inanuka sukari! Nyuki zinamufwata! Na siye katekista alitufundisha, batakatifu banazikwa, banaanza kunukia sawa maua?"

"Mimi nilisema tungoyee Padri," katekista alisema haraka. "Kanisa haiko na haraka."

"Nilimuomba anirudishie mutoto wangu mwenye alipotelea pori," Maman Faida alisema, na sauti ikamkatika. "Bahati alikuwa anafunga macho kanisani, sisi tunasema analala. Kumbe alikuwa anasali!"

Papa alimtazama Tantine. Tantine, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na neno hata moja. Watu wakaanza kulia upya kwa kutuona. Mimi nilisimama pale nikishangaa wakubwa hawa wanaolilia jambo zuri namna hii, na kwa vile hakuna aliyekuwa anawaambia ukweli, niliwaambia mimi.

"Musilie! Zimeisha kuiva! Tufukue!"

Mwanamke mmoja alipiga yowe. Maman Faida alinifunika mdomo kwa mkono unaonuka nta. Na ni katika hali hiyo Yaya Bahati alipotokea kati ya migomba, mwanambuzi begani, jasho usoni, akavua kofia kwa heshima.

"Ni nani alikufa?" aliuliza kwa upole.

Katekista alifanya ishara ya msalaba, kisha akaifanya tena. Wengine walikimbia. Maman Faida alikaa chini puu kama gunia la mihogo, akamtazama Yaya kuanzia miguuni mpaka kichwani, akanyoosha kidole kumgusa mguu, akaona ni wa moto na una tope. Akainuka akampiga kofi.

"Na rozari yangu yote?" alisema.

Hapo Tantine akapata sauti yake, akaungama mbele ya watu wote, na kicheko kilichopasuka katika migomba ile sijakisikia tena maishani. Watu waliokuwa wamepoteza kuku, milango na magodoro walicheka mpaka wakashikana mabega. Maman naye alicheka. Niliuona mdomo wake umeachia, nami hofu ikaniisha.

Kicheko kilikatwa na Maman Faida mwenyewe. Aliweka mkono mdomoni.

"Mama yangu! Nsimire! Nilituma habari mpaka kwao."

Yaya alimtua mwanambuzi, akaanza kushuka bondeni mbio. Papa akamshika shati. Tangu juzi askari walikuwa wameweka barrière, kizuizi chao, kwenye kivuko cha mto, na hawakumpitisha mtu ila dimanche asubuhi, watu wakienda misa. Dimanche ilikuwa kesho kutwa, na ndiyo ile ile ambayo Papa Nsimire aliitaja. Sasa alikuwa na sababu zaidi ya kufungua mlango, maana bwana-arusi wetu alikuwa amekufa na kuzikwa.

"Tufungue shimo," Papa alisema. "Tukamue leo."

Tulifungua. Ndizi zilikuwa zimepita kuiva: maganda meusi, nyama inayeyuka, utamu unatiririka. Sufuria zilitoka salama. Redio ilitoka ikinata. Papa aliizungusha kidude, ikanyamaza, ikanyamaza, halafu ikasema, na kwa masikio yangu mikwaruzo ilikuwa imepungua. Kikwembe kilikuwa na doa kubwa la kahawia katikati, na mnajua doa la ndizi halitoki hata ufue na nini. Maman alikikunja doa likiwa ndani.

Wale wale waliokuja kumlilia Yaya walikunja mikono wakaingia kazini. Ndizi zilimenywa, zikatiwa kwenye mtumbwi wa mti wa kukamulia, zikakandwa na majani mpaka maji yake yakajitenga, na mimi nikapewa kikombe cha kwanza cha mutobe, yaani maji ya ndizi yenyewe kabla hayajawa pombe, kinywaji cha watoto. Maman Faida alikwenda korongoni akaleta unga wa mtama aliokuwa ameuficha. Tantine aliukaanga, akautia, akafunika mtumbwi kwa majani.

"Mpaka dimanche itakuwa tayari?" Yaya aliuliza.

"Haitakuwa," Papa alijibu.

Dimanche asubuhi Papa aliimimina katika bidon mbili za njano, madumu ya plastiki, akaweka kipande cha plastiki chini ya vifuniko na kuvikaza kwa nguvu zake zote ili hata tone lisimwagike. Tukashuka. Kwenye barrière askari mmoja aligonga bidon kwa kidole.

"Iko nini?"

"Mutobe ya batoto," Tantine alisema, na hakuwa anadanganya sana. Askari alikunja uso, akatupungia mkono tupite. Kasiksi ya kweli ingeishia pale.

Tulipanda kilima cha ng'ambo na jua likitupanda mgongoni. Yaya alibeba bidon moja kichwani, na kwa mwendo wake wa haraka ilitikisika kila hatua. Mimi nilikuwa nyuma yake, na niliona bidon imeanza kuvimba. Pande zake, zilizokuwa bapa, zilikuwa duara kama tumbo.

"Papa, bidon inaiva," nilisema.

"Nyamaza, Petite," alisema Papa.

Uwanja wa Papa Nsimire ulikuwa na watu. Walipomwona Yaya, mama mmoja alimvuta mwanawe karibu. Mzee mmoja alisogeza kiti chake nyuma. Yaya akatua bidon polepole, na mlango wa jiko ukafunguka, akatoka msichana mwenye kichwa kilichonyolewa, kinang'aa juani. Sikumtambua mpaka aliposema.

"Ni weye?"

"Ni miye," Yaya alijibu.

"Nimenyoa nywele yangu yote."

"Naona," alisema Yaya. "Zitaota."

Nsimire alijifunika uso kwa kikwembe chake, akacheka na kulia pamoja. Mama yake ndiye aliyetueleza. Habari za kifo zilipofika, Nsimire hakuuliza mtu. Alichukua wembe akanyoa, kama mjane. Yule tonton wa kijana wa Shabunda alikuja jana yake na bia za chupa, akakuta kichwa kile. Kwetu hakuna anayemposa mwanamke aliyenyoa kwa kilio. Aliuliza nani amekufa, akaambiwa ni mchumba, akabeba bia zake akarudi alikotoka. Papa Nsimire alikuwa bado amekasirika, kwa sababu binti yake alijifanya mjane wa mtu ambaye hata neno halikusemwa.

"Umekuwa muzima," alimwambia Yaya, akijaribu kutofurahi. "Ni vizuri. Lakini neno bado halijasemwa. Kasiksi iko wapi?"

Papa hakujua kudanganya.

"Iko hapa. Lakini ingali mutobe kidogo. Vita ilitukulia siku."

"Mutobe?" Masharubu ya Papa Nsimire yalisimama. "Niseme neno ya mutoto wangu juu ya kinywaji ya batoto? Mbele ya bantu hawa?"

"Tutaiacha hapa kwako," Papa alisema, na hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akiyasema mbele za watu. "Ikae, ikomae kwako. Siku itakuwa kasiksi, utatuita, tutakuja kukaa chini mbele yako. Mutoto wako alinyoa nywele juu ya mutoto wangu. Mimi nani nikatae kungoya?"

"Nilisema dimanche. Dimanche ni leo."

Alikuwa ameshainuka kitini. Yaya alikuwa ameshainamisha kichwa. Nsimire alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye kichwa chake kitupu. Na wakati huo bidon ikalia.

Ililia paaa, kama risasi kabisa. Kifuniko kiliruka juu ya paa. Uwanja mzima ulilala chini kwa pamoja, kwa ustadi ambao sisi wa miaka ile tulikuwa nao: wazee, akina mama, Papa, Tantine akiwa amenilalia mimi. Tukangoja risasi ya pili. Badala yake kitu cha uvuguvugu kilitudondokea mgongoni, povu jeupe, povu jingi, linanukia. Nilitoa kichwa chini ya kwapa la Tantine. Papa Nsimire alikuwa amelala kifudifudi mbele yangu, povu limejaa masharubuni. Niliona ulimi wake unatoka, unalamba upande mmoja. Akafikiri. Akalamba upande wa pili.

"Hii," alisema, bado kidevu kikiwa chini, "iko kasiksi."

Neno lilisemwa siku ile, watu wakiwa wamelowa, vifuani wakiwa na vumbi na povu. Mama yake Nsimire alikunjua kikwembe, akaliona doa, akakinusa, na hakuuliza. Alikivaa miaka na miaka doa likiwa mbele, na aliyeuliza alielezwa habari yote tangu mwanzo. Ng'ombe walipelekwa vita ilipopoa, Nsimire akiwa tayari na watoto na nywele ndefu. Kijana wa Maman Faida alirudi kutoka porini kabla ya mavuno yaliyofuata, amekonda lakini mzima, na mpaka leo hakuna anayeweza kumwambia Maman Faida kwamba alisali mbele ya ndizi. Yaya wanamwita Mutakatifu hadi sasa. Bado analala kanisani.

Ndiyo maana nilicheka kwenye maziko ya Tantine. Watu walipokwisha kuondoka tulibaki wawili, Nsimire na mimi. Alikuwa amenyoa tena, safari hii kwa ajili ya Tantine, na kichwa chake kilikuwa na vinyweleo vyeupe vilivyoanza kuchomoza. Nilitaka kumwomba msamaha kwa kicheko changu, lakini nilipofungua mdomo kilio kikaja chote, kilio cha kweli, cha mtu aliyekwisha kujua kwamba ndizi zinaivishwa na joto tu. Ile harufu ilikuwa bado inakuja. Msalaba wa Tantine ulikuwa umefungwa kwa kamba ya mgomba. Niliuliza, kwa sauti ya yule mtoto:

"Tutamufukua lini?"

Nsimire alinifuta uso kwa ncha ya kikwembe chake.

"Usilie, Petite," alisema. "Tumuache kwanza aive."